Naomba ushauri: somo la chimbuko la saikolojia lianzie 1860 au 1879?

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaandaa somo la utangulizi kuhusu chimbuko la saikolojia kama sayansi, na nimekwama mwanzoni kabisa. Kwa desturi huanzwa na mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, nami sina ugomvi na maabara hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba Gustav Fechner, katika mji huohuo, alikwishachapisha mwaka 1860 kitabu kuhusu namna ya kupima hisi kwa hesabu, akijenga juu ya majaribio ya Ernst Weber, aliyeonyesha kuwa mtu aliyeshika uzito mdogo hutambua hata nyongeza ndogo, ilhali aliyeshika mzigo mzito huhitaji nyongeza kubwa zaidi ndipo ahisi tofauti. Jaribio hilo mwanafunzi anaweza kulirudia kwa mikono yake mwenyewe. Tarehe ya kufunguliwa maabara ya Wundt ataikariri tu.

Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kufundisha mada hii: je, nianze na Weber na Fechner, kisha Wundt aje kama mtu aliyeipa taaluma makao na wanafunzi, au nitawachanganya wanaoanza? Na Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, nimweke hapohapo au asubiri mada ya kumbukumbu? Falsafa ya kale nimeipa aya moja. Mkiona nimeibana mno, niambieni.