Duka limefungwa, sako (chama cha akiba na mikopo) inanidai, halafu mnaniambia eti "uchumi ni mbaya"

Wadau salaam. Hii kitu nimekaa nayo kifuani tangu mwezi wa nane na leo naitoa yote, atakayechoka kusoma apite zake. Mimi mtu wa Kisauni. Nimefanya kazi supamaketi moja hapa Mombasa miaka tisa, nilianza kwa kuwapakia watu mifuko, nikapelekwa shelfu, na miaka minne ya mwisho nilikuwa stoo napokea mzigo. Jina sitaji manake mambo bado yako kwa mawakili na sitaki kuja kuambiwa ni mimi nimeharibu. Si zile kubwa mnazozijua, hii ilikuwa na maduka saba tu Pwani hii. Ilikuwa.

Kila ninayemwambia nimepoteza kazi ananijibu neno moja: pole ndugu yangu, uchumi ni mbaya, halafu anageuza maneno tuongee mpira. Meneja alisema hivyo hivyo. Barua ya kutuachisha ikaandika "kutokana na hali ngumu ya uchumi". Mpaka shemeji yangu ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu naye ananifundisha uchumi. Jameni, mimi nilikuwa stoo! Karatasi za delivari nilikuwa nazishika kwa mkono huu! Lile duka lilikufa miaka miwili kabla shata haijashushwa, sisi wa chini kazi yetu ilikuwa kuosha maiti kila asubuhi na kuipaka manukato wateja wasisikie harufu.

Ngoja niwaeleze inavyokwenda, manake wengi hamjui. Supplaya analeta mzigo leo, makubaliano ni alipwe baada ya siku sitini. Wewe ule mzigo unaumaliza wiki mbili, na mteja hakukopi, analipa pale pale kwa tili. Kwa hivyo karibu mwezi mmoja na nusu umekalia pesa ya mwenyewe. Mwenye akili haigusi. Bosi wetu aliigusa akafungua duka la sita, akaonja utamu, akafungua la saba, na kwa la saba nyama ya kukata riboni ilikuwa ya ngamia mzima, mimi nilikuweko nilikula. Siku sitini zikawa tisini. Tisini zikawa mia na ishirini. Baada ya hapo simu za masupplaya zikaanza kuja kwangu stoo sababu ofisini hakuna anayeshika.

Wa kwanza kuchoka ni mtu wa mkate. Dereva anasimama na kreti zake mlangoni, hashushi hata moja mpaka aone pesa kwa macho. Halafu maziwa. Halafu unga. Wale mabinti wa kampuni za sabuni waliokuwa wanakuja kupanga bidhaa zao wenyewe waliitwa siku moja ofisini kwao na hatukuwaona tena, na hiyo ndiyo dalili kubwa kushinda zote, ukiona wale wameondoka anza kuweka akiba.

Amri ikatoka juu: jazeni shelfu, mteja asione mwanya. Tujaze na nini? Palipokuwa na mafuta ya kupikia nikapanga tishu ya chooni ya aina moja, kutoka chini mpaka juu ambapo nilikuwa napanda stuli, tishu tupu kama ukuta. Nayo mstari mmoja tu wa mbele, nyuma tumesimamisha maboksi matupu ili zisirudi ndani. Siku hiyo akaja mama mmoja mteja wetu wa miaka, akavuta tishu moja, akarudisha mkono achukue ya pili iliyo nyuma yake, mkono ukaingia mpaka kiwiko hakuna kitu. Akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Akaniambia pole pole, "mwanangu, tafuteni kazi mapema." Yule mama aliisoma hali ya kampuni kuliko bodi yote.

Na si kwamba sisi ni wa kwanza eti ndio mshangao. Watu wa Nyali mnaijua City Mall. Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa pale, ikafa. Shoprite ikaja kutoka Afrika Kusini, ikakaa kidogo, ikafunga virago. Sasa ni Carrefour. Ukuta ule ule, maegesho yale yale, makeshia ndio wanabadilishwa kama betri. Nakumatt ilifika maduka zaidi ya sitini, Kenya, Uganda, Tanzania mpaka Rwanda, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe kabisa, deni limepita shilingi bilioni 30. Bilioni thelathini hazipotei kwa sababu mteja amepunguza sukari! Zinapotea ukifungua matawi kwa mkopo na kwa mzigo wa watu. Tuskys nako ndugu wa tumbo moja walipelekana kortini miaka, korona ya 2020 ilikuta nyumba ishapasuka. Na Uchumi, yaani tumeipa supamaketi jina Uchumi, ikaanguka 2006, ikainuliwa, ikarudishwa soko la hisa 2011, na 2015 ikafunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania. Sisi tukitaka ishara tunataka tupigwe na mnazi ama?

Sikatai maisha yamekaza. Mshahara wangu wenyewe ulikuwa unakatwa tozo ya serikali ya asilimia 1.5 ya nyumba ambayo sitawahi kulala ndani, Oktoba 2024 ikaja bima ya afya ya SHIF na asilimia 2.75 yake, petroli tangu Julai 2023 kodi ya VAT ilipandishwa kutoka asilimia 8 mpaka 16 na matatu ya Bamburi hawakutuonea huruma. Mteja wa troli akawa wa kikapu, wa kikapu akawa anapima mafuta ya shilingi ishirini kwa duka la Mpemba huko mtaani. Nimeona. Lakini nijibuni, uchumi huu huu mbaya ndio supamaketi ya Naivas imepita matawi mia moja ndani yake, wao wananunua unga wa nchi gani?

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Shifti ya asubuhi tunafika saa kumi na moja u nusu, tukakuta malori mawili ya madalali yameegesha matako kwa mlango, mwenye jengo alikuwa hajalipwa kodi sijui miezi mingapi. Askari wetu wa mlangoni, mtu tunayekula naye sahani moja, akatunyooshea mkono, "leo hakuna kuingia wakubwa, nimeambiwa hata mimi nisiingie." Tukakaa ukingo wa barabara na yunifomu zetu tukiangalia friji zinatolewa, moja bado ina aiskrimu, ikawa inadondoka njia nzima mpaka kwa lori, pinki. Mama wa chapati aliyekuwa anatuuzia chai akaja na birika akakuta hakuna wa kununua, akaanza kutumiminia bure. Kanzu yangu ya Ijumaa iko kwa loka mpaka leo.

Sasa tuje kwa pesa, hapa ndio mnisikilize vizuri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema ukimwondoa mtu kwa sababu kazi imeisha unampa ilani ya mwezi, na malipo ya si chini ya siku kumi na tano kwa kila mwaka aliotimiza. Mshahara wangu 24,000. Piga hesabu: siku 15 mara miaka 9 ni siku 135, hiyo ni 108,000. Ilani 24,000. Miezi miwili tuliyofanya bila kulipwa 48,000. Jumla 180,000. Mpaka leo ninapoandika nimepokea barua. Barua tu, hata stempu haina.

Nimeenda ofisi ya leba. Nikaambiwa andika dai upeleke kwa msimamizi wa ufilisi, msimamizi ofisi yake Nairobi. Nauli ya kwenda kudai pesa ninakopa. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inatuweka mbele ya supplaya wa kawaida kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho, isizidi 200,000, nikafurahi nikasema alhamdulillah angalau. Halafu wakili mmoja akanicheka kwa huruma, akaniuliza, mali iliyobaki iko chini ya nani? Benki. Na benki iliyoshika mali kwa rehani inachukua ile mali kwanza. Kwa hivyo niko mbele kwa foleni ya dirisha ambalo halina kitu, kama zile tishu zangu.

Lakini haya yote ningeyameza. Lisilomezeka ni la sako.

Nilichukua mkopo nimalizie paa la nyumba ya mamangu Msambweni. Kila mwezi 6,500 inakatwa kwa mshahara, iko kwa pesilipu, imeandikwa kabisa. Mwezi wa tisa sako wananipigia, mzee una malimbikizo ya miezi kumi. Miezi kumi gani?! Kumbe kampuni ilikuwa inakata na haipeleki. 65,000 yangu ilipita karatasini tu ikaenda kulipa mkate wa kesho. Sheria ya vyama vya ushirika inasema mwajiri akikata asipowasilisha atadaiwa na riba juu, sawa, mdaini basi! Hapana, kumdai mwajiri ni kazi, wao wakawageukia wadhamini wangu. Wadhamini wangu watatu ni akina nani? Ni wenzangu wa duka lile lile. Mmoja dada wa bekari, analea watoto wawili peke yake, naye hana kazi, naye hajalipwa, na akiba yake aliyokuwa nayo pale wameishika kwa sababu ya deni langu ambalo nimelipa! Hakunitukana. Alinitumia skrinishoti ya meseji ya sako, chini yake hakuandika kitu. Afadhali angenitukana.

Halafu kuna jamaa atakuja hapa chini aniambie "jiajiri, acha kulialia". Kaka, najiajiri. Nauza mayai ya kuchemsha na kachumbari stejini jioni, siku nzuri napata mia nne, na stejini pale tuko watu sita tunauza mayai, wanne walikuwa supamaketi. Mayai tutauziana wenyewe? Nimeomba kazi kwa hao wapya waliochukua majengo, wanaajiri kupitia ejenti, kontrakti ya miezi mitatu, na binti aliyepokea fomu yangu aliangalia mwaka wa kuzaliwa akaiweka upande mwingine wa meza. Nina miaka thelathini na nane.

Bosi nilimwona juzi kivukoni Likoni, ndani ya gari, kioo kimepandishwa. Gari ni lile lile.

Nauliza kitu kimoja na naomba mnijibu bila siasa. Kuna yeyote humu, wa Nakumatt, wa Tuskys, wa Uchumi, wa popote palipofungwa, aliyewahi kulipwa haki yake na msimamizi wa ufilisi? Hata nusu. Ulijaza fomu gani, ulingoja miaka mingapi? Na aliyewahi kupambana na sako kwa makato ambayo mwajiri hakupeleka, ulianzia wapi, kwa kamishna wa ushirika ama kortini moja kwa moja? Pesilipu zangu zote kumi ninazo, nimezitia kwa mfuko wa nailoni zisilowe. Yule dada wa bekari anasoma huu uzi.