KIGODA!! Yaani mtu mzima ananiletea KIGODA mbele za watu

BibiShamba_Uluguru:
Wakuu habari za jioni, zangu mbaya na sitaki kudanganya. Naandika mikono bado ina grisi na moyo unadunda kama mashine ya kusaga, kisa yule fundi wa njia panda. Simtaji. Mnamjua, hata mbuzi wa huku wanamjua, yule ukimpelekea pancha anakwambia injini imekufa. LEO AMENILETEA KIGODA.

Ngoja nianze mwanzo. Nina pikipiki yangu, DT, nimeinunua mkononi kwa hela ya kikoba, sio ya serikali, nasema mapema kabla hamjaanza. Milima hii inaipanda kama mbuzi ila ni ndefu, nikisimama nagusa chini kwa vidole tu, na kwenye mteremko wa kokoto kusimama kwa vidole ni kuvunjika mguu. Wiki iliyopita nikaenda kwake kwa heshima zote, fundi naomba unishushie shokapu za mbele kidogo. Akasema haiwezekani, pikipiki ikishushwa inapinduka. Nikageuka niondoke akaniita, "labda unipe elfu themanini." Yaani haiwezekani, ila kwa elfu themanini inawezekana!!

Nikaifanya MWENYEWE. Jumamosi, uani kwangu. Nikaazima jeki ya gari kwa jirani, nikaweka ubao chini ya injini, nikainua mpaka tairi la mbele linagusa ardhi kwa mbaali, nikalegeza bolti za kile chuma cha juu kinachobana shokapu hapo chini ya usukani na za kile cha chini yake, alafu nikaanza kuishusha jeki, robo mzunguko nasimama, robo mzunguko nasimama. Vyuma vya shokapu vikagoma kuteleza, kutu. Nikapaka dizeli kidogo nikangoja, nikagonga na kipande cha mti, mara krrrr vikaanza kuchomoza juu. Nikafuta mpaka pakauka kabisa maana pakiwa na mafuta hapabani. Nikapima kilichochomoza kwa rula ya mwanangu ya shule. Kushoto milimita 20, kulia 17. Nikarudia. Kushoto 20, kulia 19. Nikarudia tena, jua linazama, mpaka zote 20. Nikakaza chini, nikakaza juu, nikalegeza ekseli nikabonyezabonyeza usukani ili shokapu zikae sawa, ndo nikakaza ekseli. Kazi safi.

Sasa leo asubuhi ni siku ya soko. Njia panda imejaa matenga ya kabeji, wakinamama wa kikundi changu wapo, hao hao ninaowafundisha matuta ya kinga maji. Nimesimama nimenunua oili ya kuchanganya na petroli, nataka kupanda niondoke. Yule mtu akaacha kazi yake. Akaenda kwa mama lishe. Akamwinua mzee wa watu aliyekuwa anakunywa uji!! Akabeba kigoda juu juu kwa mkono mmoja kama anapeleka keki ya harusi, akakiweka taratiiibu mguuni kwangu, AKAKIFUTA VUMBI kwa kitambaa, akasema "Madam, kigoda hiki hapa, karibu upande."

Soko zima likapasuka. Hadi kabeji zilicheka.

Na nilikuwa sikihitaji!! Sasaivi nagusa chini na unyayo wa mbele unakaa kabisa! Mi na mama yake mdogo tumesoma darasa moja, mtoto hajawahi kuniamkia hata siku moja, leo ndo anajua kunikaribisha? Kwenye kigoda? Nimeenda kukagua nyanya za watu huko juu, nikiangalia jani naona kigoda. Nimerudi nyumbani mwanangu kaniletea kiti nimemfokea bila kosa. Na alikifuta vumbi wakuu. Angekiweka tu hivi hivi ningesamehe, ila alikifuta.

Mtu kama huyu anafanywaje?

Mtumba_Grade1:
Hapo kwenye kufuta vumbi nimecheka mpaka wife kaja kuuliza kuna nini. Pole dada, ila huyo jamaa ni msanii.

BibiShamba_Uluguru:
Msanii wa nini?? Kigoda chenyewe sio chake!

Kaka_Kipara:
Picha ya kigoda tafadhali, uzi bila picha hatuelewi

Spana_Mkononi:
Tuache kigoda kwanza. Dada kupima pande zote mbili ziwe sawa umefanya vizuri kuliko mafundi wengi wa mjini. Ila umeshusha mbele tu. Hizo sentimita mbili za mbele ukija kwenye kiti hazifiki hata moja, maana kiti kipo katikati ya matairi na wewe unakaa kuelekea nyuma. Alafu usukani sasa umekuwa mwepesi, kwenye mteremko wenye kokoto utaona unachezacheza mkononi. Nyuma nako kungeshuka kidogo. Na lile madigadi la DT limefungwa juu, cheki shokapu zikibonyea mpaka mwisho tairi lisiguse, likibana korongoni hapo ndo utapinduka kweli.

BibiShamba_Uluguru:
Nimecheki! Tulikaa watu wawili tukabonyeza, panabaki vidole vitatu. Kwaiyo na wewe unasema itapinduka, unamtetea mwenye kigoda?

Spana_Mkononi:
Sijamtetea mtu nimeongelea madigadi. Na kubonyeza kwa kukaa hakufiki mwisho, shimo lina nguvu kuliko watu wawili. Stendi ya pembeni je? Pikipiki ikishuka inasimama wima sana, upepo kidogo tu chali.

BibiShamba_Uluguru:
Imeanguka mara moja tu, na ni kuku aliruka.

Mtumba_Grade1:
Kuku hahahahaaa. Mleta uzi hicho kigoda kiweke chini ya stendi kumbe kina kazi

Dereva_Wa_Usiku:
Bora wewe uliletewa kigoda. Mimi wangu nilimpa Boxer abadilishe sili za shokapu, akanijazia oili chafu ya injini ile nyeusi, siku ya nne zote mbili zinavuja inamwagikia breki. Abiria anapiga kelele, mimi napiga kelele, breki haishiki, tumesimama kwenye banda la chipsi. Nimeenda kumuuliza ananijibu "oili ni oili tu." OILI NI OILI TU. Na bosi jioni anataka hesabu yake kamili.

Kaka_Kipara:
Oili ni oili tu, hiyo imeenda

Mlingoti:
Nyie mnaolalamika pikipiki ndefu mmezoea kudekezwa. Mimi nina futi 6 na inchi 3, kwenye daladala magoti yananigusa kidevu, kwenye bajaji nakaa kama mbu, kitanda nimelala kimshazari tangu nimeoa. Nani ameniletea hata kigoda?

BibiShamba_Uluguru:
Jamani mada ni KIGODA. Mtu kamwinua mzee kwenye uji wake!!

Mlingoti:
Niuzie hiyo DT basi

Dereva_Wa_Usiku:
Huyo mzee uji wake aliumaliza amesimama?

Spana_Mkononi:
Mwenye sili za DT original anijulishe, hizi za dukani siku hizi ni kama mpira wa kandambili.

Anti_Sikukuu:
Mafundi wote baba yao mmoja. Fundi wangu wa cherehani nimempa kitenge doti nzima, nimesema gauni refu la kufika chini, harusi ni Jumamosi hii. Leo nimeenda kujaribu, limeishia magotini na mabega yamepanda mpaka masikioni. Alafu ANANIAMBIA "dada utakuwa umerefuka."

Mtumba_Grade1:
Umerefuka!!!

Anti_Sikukuu:
Nina miaka 41. Umerefuka. Na kipande cha kitenge kilichobaki nimemwona mtoto wake kavaa kaptula.

Mlingoti:
Mimi hilo la kurefuka naambiwa kila mwaka

Kaka_Kipara:
Kaptula ya kitenge kile kile? Picha ya kaptula tafadhali

Dereva_Wa_Usiku:
Dada huyo fundi sio yule wa nyuma ya soko kweli, mwenye radio kubwa? Maana ana shati langu tangu Pasaka

Anti_Sikukuu:
Simtaji. Ila radio ndo hiyo hiyo.