Naomba ushauri: dizaina wa muda, nimlipe kwa saa au kwa kazi?

Wakuu, habari zenu. Tuko watatu hapa Sinza, tunatengeneza programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya dawa. Kuandika programu tunaweza, urembo hatuujui kabisa. Mteja mmoja alifungua skrini yetu akauliza kama ni kanga.

Kazi ya kumwajiri dizaina mwezi mzima hatuna. Tunataka mtu wa siku mbili kwa wiki: aikoni, mabango ya Instagram, na picha za Play Store (ile aikoni ya pikseli 512 kwa 512 na bango la 1024 kwa 500).

Mwaka jana kijana mmoja alituchorea nembo akatuachia JPEG tu, yaani picha ya kawaida inayoharibika ukiikuza. Tulipoipeleka kuchapishwa kwenye bango, ilitoka ukungu mtupu. Faili la asili, lile alilochorea na linaloweza kuhaririwa, hatukulipata hadi leo, na simu hapokei. Kosa letu, hatukuandikishana.

Sasa, waliowahi kuajiri hivi: mnalipa kwa saa au kwa kazi? Marekebisho mnaruhusu mara ngapi? Na kazi ya majaribio mnailipia? Mimi naona kumchoresha mtu bure ni uonevu, wenzangu wanabisha.

Mwenye mfano wa mkataba unaotaja faili za asili, naomba.