Mrejesho: mifupa ya kuchapisha na kukata

Habari zenu wapendwa. Wiki mbili zilizopita niliuliza namna ya kuwafundisha watoto wa miaka saba kuhusu mifupa ya mwili bila kuwakaririsha majina. Mkanishauri nichapishe picha, waikate na kuiunga wenyewe. Nimefanya hivyo, asanteni sana.

Karatasi ya kawaida ilichanika kwenye viungo. Nikachapisha upya kwenye karatasi ngumu, tukaunga kwa uzi wenye fundo kila upande, na goti likakunjika vizuri.

Mkono ndio uliowateka. Kila mtoto alichora kiganja chake, akabandika juu yake mifupa yote 27 huku akijipapasa kutafuta kila kipande. Mmoja akagundua kwamba kidole gumba kina vipande viwili, vingine vitatu vitatu. Sikuwa nimemwambia! Nilifurahi mno.

Mbavu, jozi 12, walizimaliza haraka. Kilichowashangaza ni kwamba mtoto mchanga ana vipande karibu 300, mtu mzima 206. Vingine vimeenda wapi? Nimewaeleza kuwa huungana kadiri tunavyokua. Kesho nawachapishia fuvu la mtoto mchanga na la mtu mzima, walinganishe wenyewe.