"Get" kila mahali: niandike nini badala yake?

Mzingifuri_Kizimbani

Assalaam alaykum wote, wakubwa zangu shikamooni.

Mimi natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, huku Kizimbani na Kidichi. Kwa mdomo sina shida. Nikipasua kungumanga nikawaonesha basbasi yake nyekundu, wageni wanacheka, wanapiga picha, na bakshishi natoka nayo. Shida imeanza bosi aliponipa na kazi ya kujibu barua pepe. Juzi kanirudishia moja ina wino mwekundu kila penye "get":

*We got your message. You will get a taxi at the airport. We get to the farm at ten. You will get lunch. The path gets slippery when it rains.*

Kasema, "Andika Kizungu cha watu wazima." Basi nikafungua kamusi, nikakuta msururu: receive, obtain, acquire, become, arrive, reach, fetch, understand. Lakini nikisema "You will acquire lunch", sikioni hainikai hata kidogo. Ipi inakwenda wapi? Kuna kanuni, au ni kukariri tu kama tulivyokariri skuli?

Maalim_Wete

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nimesomesha Kiingereza huku Pemba mpaka nikastaafu, na wino huo mwekundu nimeumwaga sana mimi mwenyewe. Bosi wako ana haki nusu. "Get" si tusi wala si kosa, ni neno la nyumbani. Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia waliokwenda kuvamia, kisha wakahamia kaskazini na mashariki ya nchi yao, zaidi ya miaka elfu iliyopita. "Receive", "obtain" na "acquire" zimeingia kwa mlango wa Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Hao ndio waliokuwa mabwana wa mahakama na ardhi, na maneno yao mpaka leo yamevaa kanzu ya ofisini.

Nasi tunayo hayo. Kuku kafa, mzee kafariki. Maana moja, lakini ukisema kuku wako kafariki watu watakuuliza anazikwa saa ngapi. "Acquire lunch" ndiyo hiyo hiyo. "Acquire" ni ya ardhi, hisa, ujuzi. Kitu unachokipata ukawa nacho kwa muda mrefu. Wali wa nazi hauhusiki.

Sasa kanuni. Usiitafutie "get" mwenzake mmoja, tazama kinachoifuata.

Ikifuatwa na kitu, ni kupata, kupokea, kununua au kuleta. Barua na ujumbe: "received". Kibali au viza: "obtain". Ikifuatwa na pahala, ni kufika: "We reach the farm" au "We arrive at the farm". Usiandike "arrive to", hilo linatushinda Waswahili wengi kwa kuwa tunafikiri "kufika kwenye". Na "reach" haitaki kiungo chochote kati yake na pahala.

Ikifuatwa na sifa, hapo ndipo kamusi inapokupoteza. Sisi tuna kitenzi kizima: kuzeeka, kunenepa, kurowa, kulewa, kukasirika. Mzungu mara nyingi hana, au anacho hakitumii sana, anachukua sifa anaitia "get" mbele: get old, get fat, get wet, get drunk, get angry. Kwenye barua "becomes slippery" inakubalika. Lakini ukitaka kumwambia mgeni aje na koti la mvua, mwachie "you may get wet". "You may become wet" haina kosa la sarufi, ila hakuna Mzungu anayeisema.

Nimeiacha ya mwisho kwa sababu ndiyo ninayoipenda. Hebu tazama mkia wa kitenzi chetu. Kulipa, kulipwa. Kuiba, kuibiwa. Kutengeneza, kutengenezewa. Kucheka, kuchekesha. Sisi tunabadilisha silabi za mwisho, kazi imekwisha. Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo, kwa hiyo kinaiajiri "get": *he got paid*, kalipwa. *I got my phone repaired*, nimetengenezewa simu. *I got them to laugh*, nimewachekesha. Ile kungumanga yako unapowaonjesha wageni, ndiyo *I got them to taste it*. Ukiona "get" imefuatwa na kitenzi kingine, usiende kwenye kamusi ya visawe kabisa, nenda kwenye mkia. Darasani kwangu, mtoto akishaelewa hilo, nusu ya "get" za kitabuni alikuwa anazifasiri bila kuniuliza.

Binti_Darajani

Maalim kasema yote, naongeza la barabarani. Kupanda na kuteremka nako ni "get": daladala ni "get on" na "get off", teksi ni "get in" na "get out". Tulifundishwa kwamba chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on", na unachoingia umejikunja ni "in". Haya, na zile gari za shamba za bodi la mbao, tunazoingia tumejikunja mpaka magoti yanagusa kidevu?

Maalim_Wete

Bado ni "on", binti yangu. Daladala ni chombo cha abiria wote chenye njia yake, kinahesabiwa pamoja na basi. Magoti yako tutayaombea dua.

Papasi_Mstaafu

Mimi Kizungu changu cha Forodhani na pwani ya Nungwi, sina cheti. Mawili tu.

Mgeni akikwambia "Got it!" usimtazame mikononi. Hajachukua kitu, kaelewa.

La pili, hadhari na "get lost". "You will get lost in Stone Town" ni mazungumzo mazuri, na ndivyo ninavyouza safari, maana vichochoro vya Mji Mkongwe kila mgeni anapotea. Lakini ukiikata ukasema "Get lost!" peke yake, umemwambia potelea mbali. Nimeona biashara ikifa kwa maneno mawili hayo.

Mzingifuri_Kizimbani

Ahsanteni sana. Maalim, nimeandika upya, nitazamie:

*We have received your message. You will obtain a taxi at the airport. We reach the farm at ten. You will receive lunch. The path becomes slippery when it rains.*

Na kuna mgeni wa Marekani kaandika "we haven't gotten the map". Nimsahihishe?

Maalim_Wete

Ya kwanza, ya tatu na ya tano zipitishe. Ya teksi na ya chakula umebadilisha neno, lakini sentensi ni ile ile ya zamani. Mgeni anataka kujua nani atamchukua, kwa hiyo: *Our driver will meet you at the airport.* Na chakula: *Lunch is included.* Kama hakimo kwenye bei, mwambie mapema, hilo litakuokoa zaidi kuliko sarufi.

Huyo Mmarekani muache. "Gotten" ni umbo la kale lililovuka bahari pamoja na wahamiaji na huko likabaki. Waingereza wenyewe ndio walioliacha, na hata wao bado wanasema "forgotten". Wewe andika "got" au "received", na ramani yake umtumie leo.