Mrejesho: injini ya pikipiki cc 600 kwenye gari dogo la sprinti

Wakuu, niliuliza namna ya kuandaa injini ya pikipiki ya Yamaha R6 idumu kwenye gari langu la sprinti (gari la mbio za njia ya mviringo ya udongo), huku kanuni za daraja letu la mashindano zikitaka pistoni, kamshafti (shafti inayofungua valvu) na mgandamizo vibaki vya kiwandani. Aliyesema nianze na oili alinena. Pikipiki hulala kwenye kona, gari halilali. Na kwa kuwa kona zetu zote ni za kushoto, oili hukimbilia kulia na pampu inabaki kuvuta hewa. Tumechomelea vibao ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), kuzunguka mdomo wa pampu, ili oili isikimbie. Sasa geji ya presha haishuki hata kona ndefu, na beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) tulizofungua hazina mkwaruzo. Vita iliyobaki ni vumbi tu. Nguvu ya kiwandani, kusema kweli, inanitosha.