Sindano ya diski kwa ultrasaundi, kuna aliyechomwa humu?

Wakuu habari zenu. Mgongo wa chini unanitesa mwaka wa pili huu, asubuhi soksi navaa nikiwa nimelala chali maana kuinama siwezi, nikikaa nusu saa najikuta nimeegemea tako moja. Picha ya MRI inasema diski ya L4-L5, yaani ule mto laini kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni, imekauka na imetokeza kidogo. Vidonge nimemeza mpaka tumbo nalo limeanza kesi yake. Sasa daktari kasema atanichoma sindano ya diski huku anaangalia kwa ultrasaundi, mi nikaitikia tu, nimefika nyumbani ndo maswali yanaanza. Inauma? Inasaidia kweli au?

Mzee wa Eksirei
Mkuu hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Mawimbi ya ultrasaundi hayapiti kwenye mfupa, yakiugonga yanarudi, nyuma yake unabaki na kivuli cheusi. Na diski imejificha kati ya pingili mbili, mbele kabisa ya uti, ndani sana. Ndo maana sindano ya kuingia ndani ya diski kwa kawaida inaongozwa na eksirei ya moja kwa moja au CT skani. Ultrasaundi ina kazi yake, inafaa kwa viungio vidogo vya nyuma ya pingili, kiungio cha nyonga na uti, au ile ya kupandishia dawa kwa chini karibu na kifandugu. Kwa hiyo muulize swali moja tu, ncha ya sindano inaishia wapi?

Mama Pacha
Pole sana kaka. Mimi nilichomwa ile ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, karibu na neva, si ndani ya diski, maana maumivu yalikuwa yanashuka mguuni mpaka kidole gumba. Unalala kifudifudi na mto chini ya tumbo, ganzi ndo inayochoma, baada ya hapo unasikia mgandamizo tu unateremka mguuni. Mguu ulipoa baada ya siku kama nne hivi, mgongo wenyewe haukubadilika sana, sitakudanganya. Na kama una kisukari waambie mapema, mimi sukari ilipanda siku kadhaa nikadhani mashine imeharibika.

Mtaalamu wa Mazoezi
Naongezea. Diski haina damu ya kutosha, wadudu wakiingia humo dawa inafika kwa shida, so kuichoma si jambo la kuchukulia poa. Tena kuna utafiti wa Carragee na wenzake wa 2009, waliwafuata watu miaka 10, diski zilizotobolewa kwa sindano ya kipimo zilichakaa zaidi ya zile ambazo hazikuguswa. Na hiyo MRI isikutishe, uchambuzi wa 2015 wa picha za watu wasioumwa kabisa ulikuta asilimia 37 ya wenye miaka 20 diski zao zimeanza kuchakaa, wenye 80 ni asilimia 96. Yaani diski iliyokauka inaweza isiwe ndo mchawi wako. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu sema kabla ya kulala kitandani. Ila ukianza kufa ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, au miguu ikaishiwa nguvu, achana na huu uzi kimbia hospitali usiku huohuo.

Mwenye uzi
Wakuu nimerudi. Nimempigia, kumbe ni viungio vya nyuma vya L4-L5, pande zote mbili, anasema aliita diski ili nielewe kirahisi 😅 Kaniambia pia ikinipa nafuu nisikae tu, nianze fiziotherapia wiki hiyohiyo.

Mzee wa Eksirei
Haya sasa hiyo ultrasaundi inaingia akilini. Jeli yake ya baridi lakini, usije ukaruka.